Mtwa Mkwawa wa Uhehe: Maisha Yake na Maana ya Uhuru Jana na Leo

Malengo ya somo hili

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa unatakiwa uweze:
(a) kueleza maisha ya Mtwa Mkwawa kwa mpangilio wa matukio na tarehe;
(b) kueleza sababu za ushindi wake mwaka 1891 na za kushindwa kwake baadaye;
(c) kulinganisha maana ya uhuru wakati wa Mkwawa na maana yake leo;
(d) kutoa maoni yako kwa hoja, bila kusifia wala kulaumu tu.

Utangulizi

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha nne uhuru ni nini, wengi hujibu haraka. Mmoja atasema ni kumaliza shule na kuondokana na kengele ya asubuhi. Mwingine atasema ni kumiliki simu yake bila kuulizwa na mtu. Wa tatu, ambaye amefungua daftari lake, atasema ni tarehe 9 Desemba 1961. Majibu haya yote yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja ambalo mtu aliyeishi nyanda za juu kusini miaka 150 iliyopita angelitoa. Kwake yeye neno hilo lingekuwa na uzito mwingine kabisa.

Njia rahisi ya kuona mabadiliko hayo ni kufuatilia maisha ya mtu mmoja. Tumemchagua Mtwa Mkwawa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa watu wanaotajwa mara nyingi katika mada ya upinzani dhidi ya wakoloni. Pili, habari zake hazikuishia Iringa. Vita vyake viligusa Ubena, Usangu na Ungoni, hivyo mwanafunzi wa Njombe, Makambako au Ikonda anaposoma habari za Mkwawa, anasoma pia habari za mababu zake mwenyewe. Na si mababu wote waliomwona Mkwawa kwa jicho moja. Jambo hili ndilo watahiniwa wengi hulisahau.

Kuzaliwa na ukoo wake

Jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota, katika mkoa wa Iringa wa leo. Jina Mkwavinyika hufasiriwa kuwa mtu aliyeteka nchi nyingi, na kwa kufupishwa likawa Mkwawa. Neno mtwa ni cheo cha mtawala mkuu kwa Kihehe.

Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeijenga Uhehe. Kabla yake eneo hilo lilikuwa na watawala wengi wadogo, kila mmoja na kilima chake na watu wake. Munyigumba aliwaunganisha, wengine kwa ndoa na mapatano, wengi zaidi kwa vita. Alipigana na Wasangu na akapigana na Wangoni, na kutoka kwa maadui hao Wahehe walijifunza mbinu za kupanga jeshi. Kwa hiyo Mkwawa alikulia katika nyumba ambamo amani ililetwa na mkuki, na ambamo kijana alifundishwa mapema kwamba nchi isiyoweza kujilinda humezwa na nchi nyingine.

Munyigumba alifariki mwaka 1879. Kama ilivyotokea mara nyingi katika tawala za kurithi, kifo chake kilizua ugomvi. Mwambambe, aliyekuwa mkwe wa Munyigumba, alijaribu kutwaa madaraka, na Mkwawa akalazimika kukimbia. Baadaye alirudi na wafuasi wake, Mwambambe akashindwa na kuuawa. Kijana aliyekuwa mkimbizi akawa mtawala wa nchi yote.

Utawala wa Mkwawa

Mkwawa alitawala kutoka Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Sehemu mbalimbali za nchi ziliongozwa na wasaidizi wake waliojulikana kama wanzagila. Hawa walisikiliza kesi, walikusanya vijana wakati wa vita na kupeleka taarifa kwa mtwa. Mali ya nchi ilitokana na kilimo, ng'ombe, pembe za ndovu na ngawira za vita. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipopita katika maeneo aliyoyadhibiti ilitakiwa kulipa ushuru, la sivyo ilishambuliwa.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 Mkwawa aliizungushia Kalenga ngome ya kuta imara za mawe na udongo. Neno la Kihehe la ngome ni lilinga, na ndilo linaloelezwa kuwa asili ya jina Iringa.

Uhuru kwa macho ya Mkwawa

Hapa tusimame kidogo. Mkwawa alipigania nini?

Alipigania haki ya Uhehe kutotawaliwa na mgeni. Kwake nchi huru ilikuwa ile ambayo mtwa wake halipi kodi kwa mtu, hapokei amri ya mtu, na watu wake hawachukuliwi mateka. Uhuru ulikuwa mali ya jamii nzima. Mtu mmoja mmoja hakusema yeye ni huru kwa sababu anafanya apendavyo. Alikuwa huru kwa sababu alikuwa na ukoo, alikuwa na mtawala wa kumlinda, na hakuwa mtumwa wa mtu.

Hata neno lenyewe linathibitisha hili. Neno uhuru limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilihusu zaidi hali ya kutokuwa mtumwa. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru. Aliyezaliwa nje ya utumwa aliitwa mwungwana. Maana ya taifa kujitawala, ambayo leo ndiyo ya kwanza kutujia akilini, ilipata nguvu katikati ya karne ya 20 wakati wa harakati za kudai kujitawala.

Upande wa pili: majirani wa Uhehe

Uhuru wa Uhehe ulikuwa na gharama, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ililipwa na majirani. Wabena waliishi katikati ya nguvu mbili: Wahehe upande wa kaskazini na Wangoni upande wa kusini. Mashambulizi yalikuja kutoka pande zote mbili. Ng'ombe walichukuliwa, vijiji vilichomwa, wanawake na watoto walitekwa. Baadhi ya mateka waliingizwa katika koo za walioshinda, na vizazi vyao vikawa Wahehe kama Wahehe wengine. Wengine waliishi maisha ya utumwa.

Wasangu nao, chini ya watawala wao wenye jina la Merere, walishindwa na Wahehe wakalazimika kuihama nchi yao tambarare na kwenda kujikinga milimani, huko Usafwa. Watu wa milima ya Livingstone, ambako ndiko iliko Ikonda ya leo, walikuwa na kinga ya ukungu, baridi na miteremko mikali, lakini nao hawakuishi bila hofu ya wavamizi wa tambarare.

Kwa Mbena au Msangu wa wakati huo, Mkwawa hakuwa shujaa wa uhuru. Alikuwa ndiye mtu wa kuogopwa. Mtahiniwa anayeandika kwamba Waafrika wote walimwunga mkono Mkwawa kwa sababu walikuwa wazalendo wa Tanganyika anakosea mara mbili. Kwanza, Tanganyika haikuwepo wakati huo. Pili, uzalendo wa wakati ule ulikuwa wa nchi ndogo ndogo, na nchi hizo zilikuwa na madeni ya damu kati yao.

Wajerumani wanafika

Mwaka 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri huko Pangani na kuvunja upinzani wa pwani. Baada ya hapo walianza kuelekea bara. Walitaka kulinda njia za biashara na kuhakikisha kila mtawala anaitambua bendera yao. Mkwawa hakukubali. Aliendelea kudhibiti njia na kushambulia maeneo ambayo Wajerumani walisema yako chini ya ulinzi wao.

Katikati ya mwaka 1891 kamanda Emil von Zelewski aliondoka pwani na kikosi cha maofisa wa Kijerumani, mamia ya askari Waafrika na wapagazi. Watu wa pwani walikuwa wamempa jina la Nyundo kwa ukali wake. Kikosi chake kilichoma vijiji njiani. Zelewski hakuamini kwamba watu wenye mikuki na ngao wangethubutu kuwakabili watu wenye bunduki na mizinga.

Vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Zelewski kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki mwa mji wa Iringa wa leo. Kilitembea kwa mstari mrefu katika njia nyembamba, na silaha nzito zilikuwa bado mizigoni. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani na nyuma ya mawe. Ishara ilipotolewa walitoka kwa pamoja wakiwa wengi, wakakaribia haraka kiasi kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kujipanga na kufyatua risasi. Mapigano makali yalimalizika kwa muda mfupi.

Zelewski aliuawa. Wajerumani 10 walikufa, pamoja na askari na wapagazi zaidi ya 300. Wahehe waliteka bunduki nyingi na risasi. Lakini nao walipoteza watu wengi, na kwa nchi iliyotegemea vijana wake kulima na kupigana, pengo hilo halikuzibika upesi.

Sababu za ushindi wa Lugalo ni hizi:
1. Wahehe waliijua ardhi yao na walichagua wenyewe mahali pa kupigana.
2. Walikuwa na jeshi lenye nidhamu na mawasiliano mazuri.
3. Zelewski alimdharau adui, hakutuma wapelelezi wa kutosha.
4. Shambulio lilikuwa la ghafla, hivyo ubora wa silaha za Wajerumani haukusaidia.

Leo pana mnara wa kumbukumbu Lugalo, na kambi kubwa ya jeshi jijini Dar es Salaam inaitwa kwa jina hilo. Jina la ushindi wa Wahehe limekuwa jina la taifa zima.

Kuanguka kwa Kalenga, 1894

Wajerumani hawakusahau Lugalo. Mwaka 1892 Wahehe walishambulia kituo chao katika eneo la Kilosa, na hilo likaongeza nia yao ya kulipiza kisasi. Mwaka 1894 gavana Friedrich von Schele aliongoza kikosi kikubwa hadi Kalenga. Safari hii walikuja na mizinga wakiwa wamejiandaa. Ngome ilipigwa, na tarehe 30 Oktoba 1894 ikaingiliwa na kutekwa.

Mkwawa alitoroka. Ngome iliyojengwa kwa miaka kadhaa ilianguka, lakini mtu aliyeijenga hakukamatwa.

Kwa nini hakupata msaada wa majirani? Jibu liko katika sehemu tuliyoisoma juu. Wasangu waliungana na Wajerumani, kwa kuwa walitarajia kurudi katika nchi yao waliyonyang'anywa na Wahehe. Na kweli, baada ya Mkwawa kushindwa, walirudi Usangu. Ukiwauliza Wasangu wa mwaka ule nani alikuwa mkombozi na nani alikuwa mvamizi, jibu lao lisingefanana na lile lililoandikwa katika vitabu vyetu. Miaka michache baadaye nao walitambua kwamba mgeni waliyemkaribisha alikuwa na nia yake mwenyewe: kodi, kazi za lazima na amri.

Miaka minne ya kuwindwa, 1894–1898

Baada ya Kalenga, Mkwawa aligeukia vita vya msituni. Alihama kutoka mahali hadi mahali akiwa na wafuasi wachache, akashambulia doria na vituo vya Wajerumani, kisha akatoweka. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo cha Kijerumani kilichokuja kuwa mji wa Iringa. Wajerumani wakatumia njia ambayo wavamizi wengi wamewahi kuitumia: kuwagawa watu. Walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala. Haukupita muda mrefu wakamshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, na mwaka 1897 wakamwua.

Vijiji vilivyodhaniwa kumpa Mkwawa chakula vilichomwa. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayemkamata au kuleta kichwa chake. Hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa wakati huo. Hata hivyo, kwa karibu miaka 4 watu wa Uhehe walimlisha, wakamficha na kumpa habari. Mtu mwenye njaa aliyeikataa zawadi ile alikuwa na sababu. Kwake, kumtoa mtwa ilikuwa sawa na kuitoa nchi.

Lakini njaa na uchovu vina mwisho wake. Wafuasi walipungua mmoja mmoja. Wengine waliuawa, wengine walijisalimisha ili familia zao zipone. Hatuna haki ya kuwaita wote wasaliti tukiwa tumeketi darasani na tumekula.

Kifo cha Mkwawa, 19 Julai 1898

Tarehe 19 Julai 1898 kikosi kilichoongozwa na Sajenti Merkl kilimkaribia Mkwawa huko Mlambalasi, magharibi mwa Iringa. Mkwawa alikuwa amedhoofu na amebaki karibu peke yake. Hakukubali kukamatwa akiwa hai. Alijipiga risasi mwenyewe. Wajerumani walipofika walikuta maiti.

Walimkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwili wake ulibaki Mlambalasi, ambako kaburi lake lipo mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Kwa mkulima wa kawaida, hapo ndipo maana ya kukosa uhuru ilipofika mlangoni pake. Hakuhitaji kuwa ameshuhudia vita. Ilitosha kuwa na nyumba.

Baada ya Mkwawa

Wahehe kwa ujumla hawakujiunga na vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Walikuwa wameshamaliza nguvu zao. Safari hii ilikuwa zamu ya wengine. Mtemi Mbeyela wa Ubena aliongoza mashambulizi dhidi ya kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe. Tazama jinsi zamu zilivyopishana: Mkwawa alipopigana, majirani zake walikaa pembeni au walimpinga, majirani walipopigana, Uhehe haikujiunga nao. Mkoloni hakuwahi kukabiliana na nyanda za juu zote kwa wakati mmoja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walichukua Tanganyika. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, jambo la ajabu kukutwa katika mkataba wa kumaliza vita vya dunia. Mwaka 1922 sheria ilifuta rasmi utumwa Tanganyika. Lakini kodi iliendelea, na ili kuilipa maelfu ya vijana wa Njombe na Makete walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Hakuna aliyewaita watumwa. Walikuwa na mkataba na mshahara. Hata hivyo, mtu anayeondoka kwao kwa sababu asipoondoka atafungwa kwa kukosa kodi, uhuru wake una kasoro.

Fuvu lilirudishwa mwaka 1954 na gavana Edward Twining, likapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Mwaka huohuo, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini mtahiniwa akiyaweka pamoja ataona kitu: mapambano ya zamani yanarudi makumbusho, na mapambano mapya yanaanza kwa njia ya kadi ya uanachama, mkutano wa hadhara na kura.

Adam Sapi Mkwawa mwenyewe alikuja kuwa Spika wa Bunge baada ya uhuru, akaongoza Bunge hilo kwa miaka mingi hadi mwaka 1994. Babu alitetea nchi yake kwa mikuki na bunduki alizoziteka. Mjukuu aliketi kwenye kiti cha kuhakikisha kila mbunge anapata zamu ya kusema, Mhehe, Mbena, Msangu, Mkinga na Mngoni katika ukumbi mmoja.

Maana ya uhuru: jana na leo

Tunaweza kugawa mabadiliko hayo katika hatua nne.

*1. Kabla ya ukoloni.* Uhuru ulikuwa wa jamii. Nchi huru ilikuwa ile isiyotawaliwa na nyingine, na mtu huru alikuwa yule asiye mtumwa. Aliyetoka nje ya ulinzi wa ukoo wake hakuwa huru zaidi, bali alikuwa hatarini zaidi.

*2. Wakati wa ukoloni.* Watu wa makabila tofauti walijikuta wanalipa kodi moja na kuamriwa na serikali moja. Mateso ya pamoja yalijenga taratibu wazo la uhuru wa pamoja. Katika kambi za manamba Mbena na Mhehe walikuwa na msimamizi mmoja.

*3. Kudai na kupata kujitawala.* Kuanzia mwaka 1954 uhuru ulimaanisha taifa la Tanganyika kujitawala. Ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya hapo viongozi walisisitiza kwamba uhuru bila kazi haujazi ghala.

*4. Leo.* Uhuru umeingia hadi kwa mtu mmoja mmoja. Katiba ya mwaka 1977 iliongezewa sehemu ya haki za binadamu mwaka 1984. Ibara ya 12 hadi ya 24 zinaeleza haki kama vile usawa, kwenda utakako, kutoa maoni, kuabudu na kumiliki mali. Ibara zinazofuata zinaeleza wajibu, ukiwamo wa kufanya kazi na kutii sheria. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa, na mwananchi akapata nafasi ya kuchagua chama.

Kipi kimepatikana? Leo msichana wa Njombe anaweza kwenda Iringa kusoma bila hofu ya kutekwa njiani. Mtu anaweza kumshtaki hata kiongozi mahakamani. Mambo haya hayakuwepo wakati wa Mkwawa, na kusema kwamba zamani watu walikuwa huru kuliko sasa ni kuwasahau mateka na watumwa wa wakati ule.

Kipi kimepungua? Watu wa Uhehe waliikataa rupia 5,000 kwa sababu waliamini uhuru una wajibu. Leo wengi wetu tunataja haki zetu upesi na wajibu wetu polepole. Kijana anaweza kudai uhuru wa kusema mtandaoni na papo hapo akautumia kumchafua jirani yake. Mwingine anaweza kuuza kura yake kwa fulana na kofia, bei ndogo mno ukiilinganisha na ile waliyoikataa wakulima wenye njaa.

Hitimisho

Mkwawa alikuwa mtetezi hodari wa nchi yake na alikuwa pia mvamizi wa nchi za wengine. Yote mawili ni kweli, na jibu zuri la mtihani hubeba yote mawili. Ujasiri wake tunauheshimu. Kasoro yake inatufundisha kwamba uhuru ninaoutaka kwangu na kuunyima kwa jirani hubaki bila mtetezi siku adui anapokuja.

Tazama ngao ya taifa letu. Chini yake yameandikwa maneno mawili, uhuru na umoja. Mkwawa alikuwa na la kwanza. La pili liliishia mpakani mwa Uhehe, na ukosefu huo ulimgharimu.

Ushauri kwa mtahiniwa

- Taja tarehe kuu bila kuzichanganya: 1879, 17 Agosti 1891, 30 Oktoba 1894, 19 Julai 1898, 1954.
- Usichanganye Lugalo (ushindi), Kalenga (makao makuu na ngome) na Mlambalasi (kifo).
- Swali likisema linganisha, onyesha yanayofanana na yanayotofautiana. Kueleza upande mmoja tu kunapoteza alama.
- Swali likisema jadili, toa hoja za pande mbili kisha hitimisha kwa msimamo wako.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa ufupi jinsi Mkwawa alivyopata utawala baada ya kifo cha baba yake.
2. Taja na ufafanue sababu nne za ushindi wa Wahehe huko Lugalo.
3. Kwa nini Wasangu waliungana na Wajerumani? Je, uamuzi huo uliwaletea uhuru?
4. Eleza maana mbili za neno uhuru, moja ya zamani na moja ya sasa.
5. Linganisha namna Mtwa Mkwawa na mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa walivyoitumikia jamii.
6. Mtu alilazimika kwenda kufanya kazi ya manamba ili apate kodi. Je, alikuwa huru? Jadili.
7. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 kuhusu wajibu mmoja unaoambatana na uhuru ulio nao leo, ukitumia mfano kutoka katika eneo unaloishi.